Maji ya Magurudumu

Mtoto wa kaka yangu amenunua trekta kuukuu kwa ajili ya shamba lake la vitunguu na matikiti kando ya mto. Juzi aliileta nyuma ya nyumba yetu hapa Waberi, mtaa wa Garissa, akaita fundi, wakaipandisha jeki na kuanza kujaza maji kwenye tairi za nyuma. Nilikuwa nimekaa kibarazani nikipepeta mchele. Upepo uliokuwa ndani ya tairi ulitoka ukizomea, na nyuma yake ikaja ile harufu ya mpira uliopigwa jua kisha ukaloweshwa. Niliweka ungo chini. Kijana akanieleza kwa furaha kwamba trekta yenye maji miguuni inakuwa nzito, haitelezi kwenye mchanga, na kwamba huo ndio ufundi wa siku hizi. Nikamjibu kwamba si wa siku hizi. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Anadhani nilichukizwa na kelele.

Sikuchukizwa na kelele. Nilikasirika, na hasira yenyewe ni ya zamani kuliko hata baba yake. Sisi wa rika langu tuliozaliwa huku hatukufundishwa kuisema. Tulifundishwa kusema alhamdulillahi, tumepona. Nami nasema hivyo kila siku, kwa sababu ni kweli tulipona. Lakini kupona si kusahau, na mtu anaweza kumshukuru Mungu huku ameuma meno.

Kambi yetu ilikuwa juu ya ukingo wa mto Tana, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini Garissa. Walikuja askari wakatutoa malishoni, wakachoma vibanda vyetu ili tusirudi, wakatuzungushia waya na miiba. Walisema ni kwa usalama wetu. Kulikuwa na vita vya wale waliotaka nchi yetu ikatwe ijiunge na Wasomali wa upande wa pili wa mpaka, na yeyote aliyekutwa nje ya waya alihesabiwa kuwa mmoja wao. Mchungaji, mwizi, mgonjwa aliyepotea njia, wote walikuwa na jina moja tu, shifta, yaani haramia.

Ndani ya waya nilikuwa na Hooyo, yaani mama yangu. Nilikuwa na Ayeeyo, bibi mzaa baba, aliyekuwa mzee na haoni vizuri. Na dada wa baba, Eeddo Halima, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote. Aabo, baba yangu, hakuwemo. Siku ya kuletwa kambini alikuwa mbali na ngamia, na habari zilipomfikia hakuwaleta. Hooyo alisema ngamia ndani ya waya ni maiti inayotembea, na Aabo hakuwa mtu wa kutazama ngamia akifa kwa njaa huku majani yako ng'ambo. Kwa hiyo alibaki nje, na sisi hatukutaja jina lake mbele ya watu.

Mimi sikuelewa mengi. Nilielewa kwamba Aabo yuko mahali pakavu. Kila tulipokula nilimuuliza Hooyo kama Aabo ana maji, naye kila mara alinijibu kwamba Mungu ana maji mengi.

Mto tuliusikia lakini hatukuruhusiwa kuukaribia tupendavyo. Lango la upande wa mto lilifunguliwa asubuhi, wanawake wakashuka na madebe yao, na jua likipanda kidogo lilifungwa. Aliyechelewa alikaa bila maji mpaka kesho yake. Mtu wa mbali hawezi kuamini hilo, kwamba watu walilala na kiu huku wanasikia viboko wakikoroma majini. Na mimi sitaki aamini kwa wepesi. Nataka kwanza akae akalifikirie.

Trekta ililetwa baada ya sisi. Ilikuwa nyekundu, na mbele ilikuwa na bamba la chuma la kusukumia udongo. Watoto tuliipenda. Tulidhani ni mnyama wa serikali. Siku za kwanza ilifyeka vichaka kuzunguka waya ili askari waone mbali, kisha ikaanza kutoka asubuhi na kupotelea upande wa bonde kavu la mchanga, ule upande ambao upepo wa jioni ulikuwa ukituletea harufu mbaya. Ayeeyo alipoisikia ile harufu alijifunika pua kwa shuka yake. Nilipomuuliza ni nini, alisema ni mto umetupa samaki. Macho yake yalikuwa mabovu, pua yake haikuwa na kasoro hata kidogo.

Tatizo la trekta lilikuwa mchanga. Ilikwenda kuvuta kitu huko bondeni, magurudumu yakazunguka bure mpaka yakajizika, na askari wakarudi kwa miguu wakitukana. Dereva alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole, anayevaa kofia ya sufu kwenye joto lile. Yeye ndiye aliyemweleza ofisa wa kambi kwamba trekta ni nyepesi mno kwa nyuma, na kwamba dawa yake ni kutia maji ndani ya tairi. Ofisa aliipenda dawa hiyo. Akamwita mkalimani, naye akaja mpaka langoni kututangazia.

Huyu mkalimani alikuwa Msomali kama sisi, wa kutoka mbali, na alivaa soksi. Nazitaja soksi kwa sababu ndizo nilizozitazama wakati akisema. Alisema kwamba kuanzia siku ile debe la kwanza la kila mwanamke litakuwa la trekta. Wanawake wakauliza trekta inakwenda wapi inayohitaji maji yote hayo. Mkalimani akawageukia askari, akasema nao jambo kwa Kiswahili, wakacheka. Kisha akatujibu kwa lugha yetu.

"Inakwenda kwa ngamia wenu. Fanyeni haraka, wanaisubiri."

Hooyo alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Mimi niliruka. Nilikuwa na miaka saba, labda minane, na kitu nilichokuwa nikimwomba Mungu kila siku kilikuwa kimetangazwa mbele ya watu wote na mtu mwenye soksi. Maji yanawekwa kwenye magurudumu, magurudumu yanakwenda kwa ngamia, na penye ngamia wetu yupo Aabo. Hakukuwa na kitu cha kuuliza tena.

Ufundi wenyewe nilikuja kuujua kuliko michezo yangu. Dereva alipandisha gurudumu moja kwa jeki, akalizungusha mpaka kile kipua cha kujazia upepo kikae juu, akakifungua. Upepo ukatoka. Pipa lilikuwa limewekwa juu ya jukwaa la magogo, na kutoka kwenye pipa mpira mwembamba ukashuka hadi kwenye kipua. Wanawake walipanda jukwaani wakamwaga madebe yao pipani, maji yakashuka yenyewe. Kila baada ya muda dereva aliuchomoa mpira ili upepo uliobaki upumue, tairi ikahema, akaurudisha. Gurudumu lile lilikunywa kama ngamia aliyetoka safari ndefu, taratibu, bila kuinua kichwa. Maji yalipofika usawa wa kipua na kuanza kuchuruzika nje, lilikuwa limeshiba.

Mimi nilikuwa na kopo la samli. Hakuna aliyeniamuru. Nilishuka na Hooyo mtoni, nikajaza kopo langu, nikalipandisha kwa mikono miwili nikiwa mwangalifu lisimwagike, na nikampa Eeddo alimwage juu. Nilikuwa nikiimba. Eeddo Halima alinifinya akaniambia ninyamaze, nami nikadhani ana wivu kwa sababu yeye hana mume aliye na ngamia. Neno la kwanza la Kiswahili nililojifunza maishani mwangu ni haraka, kwa sababu ndilo askari walilotupigia kelele njiani. Nililipenda. Nilikuwa na haraka kuliko wao.

Miiba ya migunga haiogopi serikali. Karibu kila trekta ilipotoka ilirudi na tairi moja imechomwa, maji yakimwagika njiani kama mkojo wa punda, na kesho yake ikabidi ijazwe upya. Wakati ule wa lango ulikuwa ukiliwa na trekta. Wanawake walipomaliza kuinywesha, jua lilikuwa limepanda, na wengi walirudi nyumbani na debe nusu au hawana kitu. Watoto walioshwa nyuso kwa maji yaliyobaki ya kupikia uji. Mimi nilivumilia kwa moyo mweupe. Nilijiambia Aabo anakunywa.

Asubuhi moja trekta ilikuwa imesimama karibu na jukwaa, gurudumu la kulia limelala, la kushoto limejaa. Mnyororo mrefu ulikuwa bado umeburuzwa nyuma yake kutoka safari ya jana. Nilipita karibu nikiwa na kopo langu, nikaona kitu kimenaswa kwenye pingili za mnyororo. Ilikuwa koor, ile kengele ya mti tunayomfunga shingoni ngamia jike anayeongoza. Nilimwona Aabo akiichonga. Alichora pembeni mistari mitatu kwa kisu cha moto, na mmoja ulipinda kwa sababu mimi nilimgusa mkono.

Dereva aliniona nikiichomoa. Alikuja kama anayetaka kunikataza, kisha akageuza uso, akavua kofia yake, akaivaa tena. Mimi nilikimbia. Nilikimbia mpaka kwenye msururu wa wanawake, nikainua ile kengele, nikapiga kelele kwamba maji yamefika, Aabo ametuma koor, maji yamemfika.

Sijui niwaambie vipi kuhusu uso wa Hooyo. Aliichukua kengele, akaigeuza, akaipitishia kidole ule mstari uliopinda. Kamba yake ya ngozi ilikuwa imekauka na damu. Mimi niliiona nikadhani ni udongo mwekundu. Kisha Hooyo akatua debe lake, akaliinamisha, akamwaga maji yote mchangani. Eeddo akamwaga lake. Aliyefuata akamwaga, na wa nyuma yake, mpaka njia yote kutoka mtoni ikawa matope, na mimi nikasimama katikati nikilia kwa hasira, nikiwakemea watu wazima kwamba wanamnyima Aabo maji.

Ofisa akafunga lango la mto. Alisema litafunguliwa siku wanawake watakapolijaza gurudumu.

Siku ya kwanza tulikunywa kilichokuwa ndani ya nyumba. Siku ya pili hapakuwa na kitu. Ayeeyo alikuwa na homa tangu awali, na midomo yake ilipasuka kama udongo wa bwawa. Hooyo alilowesha ncha ya shuka kwa chai iliyobaki akampangusia. Ayeeyo akauliza kama mvua imenyesha. Alikufa alasiri, akiwa ameshikwa mkono na Eeddo Halima, na kutoka pale alipolala ungeweza kusikia mto.

Hooyo alikwenda kwa mkalimani kuomba maji ya kuoshea maiti. Hakuomba ya kunywa. Mkalimani aliingia kwa ofisa akatoka, na nadhani hata yeye aliona haya, maana alisema akitazama chini: ofisa amesema lango halijafungwa na yeye, limefungwa na wanawake, wakijaza gurudumu wataosha maiti wao. Baadhi ya wanawake walisema tujaze, maiti ana haki yake. Eeddo mwenyewe alisema hivyo, maana alikuwa mama yake. Wakamtazama Hooyo.

"Mwosheni kwa mchanga," Hooyo alisema. "Mungu ameuruhusu mchanga. Hili gurudumu hakuliruhusu."

Wakamfanyia Ayeeyo tayamamu. Walipiga viganja vyao kwenye vumbi safi, wakampangusa uso na mikono, wakamvika sanda ya shuka, wakamzika ndani ya waya. Na muda wote huo, hatua chache kutoka pale, gurudumu la kushoto la trekta lilikuwa limesimama na tumbo lake limejaa maji ya mto, maji tuliyoyabeba sisi, mengi ya kutosha kumwosha Ayeeyo na kizazi chake chote. Hapo ndipo hasira yangu inapoishi. Watu wananiuliza kwa nini sisemi kwamba yalikuwa mambo ya vita. Vita ni risasi. Vita vina hofu ndani yake, na mtu mwenye hofu naweza kumwelewa. Ofisa yule hakuwa na hofu na bibi kizee. Alikuwa na shughuli yake, na sisi tulikuwa tumeichelewesha.

Baada ya mazishi lango likafunguliwa, na gurudumu likajazwa na askari wenyewe kwa lori la maji kutoka mjini. Lori hilo lilikuwepo siku zote. Lilikuwa linawaletea wao maji ya kuoga.

Aabo alikuja mvua zilipoanza. Aliingia kwa lango kuu, mikono kichwani, amevimba jicho moja, amekonda hata shingo yake ilionekana ndefu kama ya mtu mwingine. Walimshikilia siku kadhaa wakamwuliza maswali, kisha wakamwachia kwetu. Hooyo alimpa maziwa ya unga. Mimi nilisubiri amalize kikombe, nikamkalia karibu, nikamwuliza lile lililokuwa likinichoma.

"Aabo, maji yetu yalikufika?"

Alimtazama Hooyo. Sijui Hooyo alimwambia nini kwa macho. Kisha akaniita aabo, kama baba zetu wanavyowaita watoto wao kwa jina lao wenyewe.

"Yalinifika, aabo. Yalikuwa baridi."

Nikalala na furaha. Niliamini hivyo mpaka vita vilipokwisha na waya ukaondolewa. Watu walipewa ruhusa ya kwenda watakako, lakini waliokwenda walikwenda mikono mitupu, maana mchungaji asiye na mifugo ni mtembezi tu. Aabo kila alfajiri alichukua fimbo akatoka, akarudi jioni. Hooyo hakumwuliza. Siku moja nilimfuata kwa nyuma.

Alikwenda mpaka bonde kavu la mchanga. Nyayo za trekta zilikuwa bado zimeganda kwenye kingo za udongo, zile herufi kubwa za V za tairi za nyuma, zimezama sana, kwa sababu ilikuwa nzito. Zote zilielekea shimo moja. Mvua ilikuwa imefunua upande wake. Mbavu zilisimama nje ya udongo kama nguzo za nyumba iliyoungua, nyeupe, moja juu ya nyingine, kadiri jicho langu la mtoto lilivyoweza kuona. Aabo alikuwa ameketi ukingoni. Alijua nimemfuata.

Alinieleza kwa sauti ya kawaida. Walimkuta akiwanywesha ngamia pale bonde linapoingia mtoni, mahali palipokatazwa, wakampigia risasi ngamia badala yake kwa sababu yeye alijificha vichakani. Wakawapiga wote. Walioza pale, harufu ikawafikia maofisa, ndipo ikatafutwa trekta ya kuwaburuza hadi shimoni. Kuhusu maji alisema alinidanganya, kwa kuwa nilikuwa nimeyabeba kwa nia njema na hakuona sababu ya kuyamwaga mara ya pili.

Nilimwuliza ni yupi ni yupi. Ngamia kwetu hana mbavu tu, ana mama yake na bibi yake na tabia zake. Akaninyooshea fimbo, akanitajia. Qoordheer, mwenye shingo ndefu, aliyevaa koor. Dhibic, aliyezaliwa tone la kwanza la mvua lilipoanguka. Cadey, mweupe, mchoyo wa maziwa. Barwaaqo. Akaendelea. Akanirudisha mwanzo, akataka niyaseme mwenyewe, kama chuoni tunavyosomeshwa sura, mpaka nikayaweka kichwani bila kukosea. Jua lilipotua tulirudi nyumbani, na baada ya siku hiyo hakwenda tena.

Mwaka uliofuata nilipelekwa shule. Mwalimu alikuwa kijana wa bara, si mbaya, alitundika ukutani picha ya trekta akatuuliza kwa Kiswahili kazi yake ni nini. Nilinyoosha mkono. Nilitaka kusema inavuta ngamia, lakini ulimi wetu wa Kisomali haukuwa na ile herufi, v kwetu ilikuwa f.

"Inafuta ngamia," nilisema.

Mwalimu akacheka kidogo, akaniambia trekta haifuti, inavuta, na haivuti ngamia, inavuta jembe. Akataka nirudie. Nikarudia vilevile. Darasa zima tulikuwa watoto wa kambini, na hakuna aliyecheka naye. Akarekebisha tena kwa upole, nami nikarudia tena, na safari hii nilikuwa nimeshaelewa kwamba kwa lugha yake nimesema jambo jingine, na kwamba jambo hilo ndilo hasa nililotaka kulisema. Nadhani alikisoma kiburi usoni mwangu. Akachukua kiboko, akaniambia nifungue kiganja.

Nilifungua. Kila kilipotua nililitaja jina kimoyomoyo, kwa mpangilio ule ule wa Aabo, kuanzia Qoordheer. Mwalimu alichoka akaniamuru nikae. Majina yalikuwa bado hayajafika nusu.